Teksi Iliyolia Machozi Meusi

Naapa kwa meno yangu manne yaliyobaki: kila neno humu ni kweli tupu. Nikinaswa nimetia chumvi hata chembe, nitaosha gari la binti yangu kila Jumamosi bila kununa.

Binti yangu ni dereva wa teksi. Kila jioni akirudi, mwanawe wa miaka kumi na miwili hufuta viti na kukung'uta mazulia ya gari. Mjukuu wangu huyo tunamwita Sindano, kwa kuwa ni mwembamba na maneno yake huchoma.

Jioni moja binti yangu aliingia amenyong'onyea.

"Kesho meneja wa hoteli anachagua teksi ya kubeba wageni wake," alisema. "Injini yangu haina kasoro. Lakini tazameni hizo plastiki! Nani atapanda gari lililoota mvi?"

Kweli, bampa, kingo za milango na vifuniko vya vioo vya pembeni, vyote vilivyokuwa vyeusi ti, vilikuwa vimepaukishwa na jua. Bampa la mbele lilikuwa jeupe hata kuku wa jirani akalidhani yai, akalilalia mchana kutwa.

"Niachie mimi, mama," Sindano alisema. "Ile dawa ya kung'arisha plastiki uliyonunua duka la vipuri bado ipo."

"Dawa ya nini?" nikadakia. "Mimi nina rangi ya viatu. Kufumba na kufumbua, kazi kwisha!"

"Babu, gari halivai soksi."

"Mtoto wee! Haya, tugawane. Wewe kulia, mimi kushoto."

Nilimaliza kabla chai yangu haijapoa. Upande wangu uling'aa hadi nikauinamia, nikachana ndevu. Sindano bado alikuwa na povu la sabuni, akisugua vijishimo vya plastiki kwa mswaki mkuukuu. Akasuuza, akafuta, kisha akaketi.

"Umeshachoka?" nikamcheka.

"Nasubiri pakauke, babu. Dawa haishiki penye maji."

Alianza kwa kujaribu tone moja kwenye pembe iliyojificha. Alipoona pako sawa, akaipaka dawa kwa sifongo, kidogo kidogo, akifuta iliyozidi. Kufikia magharibi, upande wa kulia ulikuwa mweusi mtulivu, kama siku gari lilipotoka dukani.

Kulipopambazuka, binti yangu alikuwa ameshika funguo.

"Subiri kwanza, mama," Sindano akasema, akalimwagia gari ndoo ya maji pande zote.

Upande wa kulia, maji yaliteleza yakaenda zake. Upande wa kushoto, lo! Machozi meusi yalichuruzika mlangoni mpaka kwenye tairi.

"Baba!" binti yangu akashika kichwa. "Si utanikosesha kazi!"

Sindano hakunicheka. "Babu, maji. Mama, kitambaa kikavu."

Akaanza upya: sabuni, mswaki, kitambaa, kijua cha asubuhi, ndipo dawa. Nilibeba ndoo nikiangalia vile vidole vidogo vikifuata kila ufa, na kifua changu kikajaa fahari.

"Ruka hapo chini, mjukuu wangu. Hapaonekani."

"Mimi napaona, babu."

Tulimaliza meneja akiwa, naamini, ananyoosha tai yake.

Mchana teksi ilirudi ikipiga honi tangu kona ya mtaa. "Nimepata!" binti yangu alipaza sauti. "Amepitisha leso nyeupe kwenye bampa, ikatoka nyeupe vilevile!"

Akamkumbatia mwanawe. "Umeona, mwanangu? Kazi ya kudanganya macho haivuki ndoo moja ya maji. Kazi ya kweli, hata mvua ikinyesha, inabaki."

Hapo ndipo ningeweka nukta. Lakini Sindano amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma ninachoandika.

"Babu, jirani hafugi kuku."

"Labda alikuwa mgeni."

"Na ndevu ulizochana ni zipi?"

Nimejipapasa kidevu. Laini kama bampa.

"Ndoo iko mlangoni," anasema. "Na leo ni Jumamosi."

Basi, wajukuu zangu mnaosoma, naomba mniwie radhi. Natafuta mswaki mkuukuu.