Polishi Iliyokula Rangi ya Mzee

Kila asubuhi Kinyozi alifungua duka lake, akafuta kioo, akapanga mashine zake mezani. Mteja akikaa kitini, Kinyozi alimuuliza kwanza, "Leo tunanyoaje?" Aliwauliza hata wateja wake wa miaka mingi. Hakuna aliyetoka pale akilalamika.

Nyumbani aliishi na mkewe, fundi cherehani, pamoja na baba yake mzazi. Wakati huo mzee alikuwa amelazwa hospitali. Kifua kilikuwa kinambana. Gari lake kuukuu la kijani lilikaa uani majira yote ya mvua, madirisha yamefungwa. Mzee alilipenda sana gari lile. Rangi yake aliipaka yeye mwenyewe, hapo hapo uani.

Siku moja hospitali ilipiga simu. Mzee angeruhusiwa kesho yake.

"Nitamfuata kwa gari lake," Kinyozi alimwambia mkewe. "Lakini kwanza nikaling'arishe. Alikute linawaka."

"Baba watoto, umelifungua mlango?" mkewe aliuliza. "Ndani linanuka ukungu. Mimi nikipita tu napiga chafya."

"Harufu itatoka njiani, tukishusha vioo. Nani anatazama ndani?"

Mkewe aliguna, akarudi kwenye cherehani yake. Alimjua mumewe. Akishaamua, ameamua.

Kwenye kituo cha kusafisha magari, mhudumu alilizunguka gari polepole. Aligusa boneti kwa kidole.

"Kaka, rangi hii ni ya kiwandani, au ilipakwa baadaye?"

"Rangi ni rangi," Kinyozi alijibu. "Nifanyie ile huduma kubwa. Piga polishi ya mashine mpaka nijione uso."

"Nauliza kwa sababu mashine inakwangua. Kama rangi ni nyembamba..."

"Ndugu yangu, mimi nina wateja wananisubiri. Piga mashine."

Basi mhudumu akapiga mashine. Mlango wa kwanza uling'aa kweli, na Kinyozi akatabasamu. Lakini ilipofika kwenye ukingo wa boneti, kijani kilififia, kikawa kijivu, kisha bati likatokeza. Mhudumu alizima mashine. Wote wawili walitazama chini.

"Nilikuuliza, kaka," mhudumu alisema kwa upole.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Huyu wetu hata kuuliza alikuwa amekuacha dukani.

Kesho yake mzee alitoka hospitali akitembea kwa fimbo. Aliliona gari lake, akasimama. Alipitisha kiganja juu ya bati lililo wazi. Aliingia, mlango ukafungwa, na kabla hawajatoka getini akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Ilibidi ashushwe, aitiwe teksi. Kinyozi aliifuata teksi peke yake katika gari lile linalong'aa, na aliona aibu njia nzima.

Jioni jirani yao alikuja kumjulia mzee hali. Watu walimwita Mama Sponji, kwa kuwa alifanya kazi ya kusafisha magari tangu ujanani. Alilikagua gari, akainua kapeti. Chini kulikuwa na maji na ukungu mweusi.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," alisema.

"Nisaidie, dada," Kinyozi alisema. "Sikujua."

"Haya, nisikilize. Mteja mwenye vipele kichwani, wewe unampitishia wembe?"

"Hapana. Namwangalia kwanza."

"Na gari ni hivyo hivyo. Kwanza uliza lina shida gani. Kama ni vumbi na tope, kuosha kunatosha. Kama ni harufu, ukungu au madoa kwenye viti, hilo linataka usafi wa ndani. Polishi ya mashine ni ya mikwaruzo, na ni kwa rangi nene tu, maana kila ikipita inaondoa rangi kidogo. Rangi ya zamani au ya kupaka nyumbani, ioshe kwa sabuni laini, kisha uipake nta kwa mkono. Nta haikwangui. Inalinda."

"Kwa hiyo gari hili lilitaka usafi wa ndani."

"Na nta. Basi. Anayejua rangi ilivyopakwa yupo, na simu anayo. Ungemuuliza."

Kinyozi aliinamisha kichwa. Majuto ni mjukuu.

Asubuhi walianza kazi pamoja. Walitoa kapeti zote. Walivuta vumbi kwa mashine, wakasugua viti kwa sabuni isiyo kali, wakafuta dashibodi na matundu ya hewa. Kinyozi alitaka kupulizia manukato.

"Weka chini hicho kikopo," Mama Sponji alisema. "Kifua cha mzee hakitaki marashi. Kinataka hewa."

Waliacha milango wazi juani mpaka kila kitu kikakauka. Kisha Kinyozi akapaka nta kwa kitambaa, polepole, akizunguka sehemu zilizobaki na kijani.

Siku ya kupimwa kifua kliniki ilipofika, mzee alikuja uani. Kinyozi alimshika mkono.

"Nisamehe, baba. Nitatafuta fundi. Nitaipata rangi kama ile ile."

"Rangi utaipata," mzee alisema. "Ile aliikoroga marehemu mama yako. Alikuwa anaongeza tone moja moja, anainua kijiti, anatazama, anasema bado. Mimi nilikuwa nashika kopo tu. Sasa huyo mkorogaji utamtoa wapi?"

Kinyozi alimfungulia mlango, mzee akaingia, akavuta pumzi ndefu. Hakukohoa. Waliondoka taratibu kwenda kliniki, na njia nzima mzee alipumua vizuri.