Onyo Alilolificha Hilaria

Kila Jumatatu asubuhi Hilaria, wa darasa la sita, alifagia chumba cha kompyuta cha shule yao huko Bashay, akapangusa vumbi, kisha akaiwasha kompyuta moja iliyokuwepo. Jumatatu hii iliandika mistari michache myeupe, ikaganda.

Mwalimu Scolastica alishika kiuno. Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na majina na picha za wanafunzi sitini na watatu wa darasa la saba, na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuyatuma ofisi ya elimu ya wilaya, Mbulu. Ambaye jina lake halitafika, hatafanya mtihani.

Fundi Maximilian alipigiwa simu, akafika saa mbili kwa pikipiki kutoka Dongobesh. Ijumaa alikuwa amehamisha kila kitu kutoka diski za zamani hadi mbili mpya zinazotunza vitu vilevile, ili moja ikifa nyingine ibaki. Kisha akawahi basi, akamwachia Hilaria kazi ya mwisho: kuunda faili la kuwashia, lile linaloieleza kompyuta diski zake ziko wapi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Ulipounda lile faili, lilitokea onyo lolote?"

"Hapana."

Basi fundi akazigeukia diski. Alibadilisha nyaya, akapima diski ya kwanza, akapima ya pili, akazitoa, akazirudisha. Saa nne. Saa sita.

"Kila kitu kizima, na bado haiwaki!" alifoka. "Nimechoka na dude hili!"

"Watoto wangu, fundi!"

"Kwani naonekana nacheza, mwalimu?"

Onesphory wa darasa la saba alichungulia dirishani. "Hilaria, si unajiita fundi? Nikikosa mtihani nitakuja kuchunga ng'ombe wenu!" Wenzake walicheka. Yeye hakucheka.

Hilaria alitazama sakafu. "Fundi, onyo lilikuwepo. Mstari mmoja wa Kiingereza. Sikuuelewa."

"Tangu saa mbili nafungua skrubu! Mbona ulisema hapana?"

"Ijumaa mwalimu aliniuliza kama nimemaliza vizuri, nikasema ndiyo. Nikaona aibu kubadilisha."

Fundi aliiwasha kompyuta kwa flashi, akaunda faili upya. Onyo lilelile likatokea, akalisoma. Orodha ya diski ilikuwa bado na namba za diski za zamani, kwa hiyo kompyuta ilipoamka ilitafuta diski zilizokwisha kutolewa. Akasahihisha namba, akaunda faili tena. Safari hii hakukuwa na onyo, na kompyuta ikawaka. Kufikia saa tisa majina yote sitini na matatu yalikuwa yamefika Mbulu.

"Hilaria," alisema Mwalimu Scolastica, "kutojua Kiingereza si kosa. Kosa ni kutupatia jibu tulilopenda kusikia, ukaficha ulichokiona. Na mimi nina langu. Kila siku nawauliza, 'Mmeelewa?' Mnaitika 'Ndiyooo,' naendelea. Kuanzia kesho asiyeelewa aseme hapana, hata akiwa peke yake. Umeelewa?"

"Hayo nimeelewa, mwalimu. Ule mstari wa Kiingereza bado."

Fundi alishusha pumzi ndefu, akavuta kiti cha pili mbele ya kompyuta.

"Kaa hapa. Tuanze na neno la kwanza."