Sindano Thelathini

Walikutana wakivutana. Mwanamke ameshika ncha moja ya kipande cha kitani cha kijani, fundi saa ameshika nyingine, na kati yao lundo la mabaki ya vitambaa ambayo washonaji wa soko zima huyamwaga pale kila Ijumaa. Watu walikuwa wameizunguka meza bega kwa bega, kila mmoja na shida yake, hakuna aliyewajali.

"Dada, mimi nataka cha kufutia vioo vya saa tu," fundi akasema.

"Na mimi nashona mfarishi wa viraka, wa kujifunika. Kwa vioo, hata soksi yako si itafaa?"

Fundi akaitazama soksi yake, akaona ina tundu, akaachia kitambaa.

Hivyo ndivyo Bi Viraka, kama fundi alivyokuja kumwita, alivyompata mwenzake akiwa na miaka arobaini na tisa, wakati alishakata tamaa ya mambo hayo bila kinyongo na mtu. Siku za kazi alirekebisha nguo za watu, kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Jumamosi ilikuwa yake mwenyewe: anakaa sebuleni na mfarishi wake mapajani, anaunga kiraka kwa kiraka. Fundi akaanza kuja Jumamosi. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mbele tu, maana nyuma, alisema, yeye mwenyewe hapaoni. Fundi saa mzima, na kila mara alichelewa. Redio inaongea peke yake, chai inachemka, mama wa watu anashona, yeye anamtungia uzi. Macho ya Bi Viraka yalikuwa hayalioni tena tundu la sindano. Ya fundi, yaliyozoea vijigurudumu vya saa, hayakukosea hata mara moja. Raha yao ilikuwa hiyo tu, na ilimtosha Bi Viraka mpaka akaanza kuiogopa.

Siku moja fundi alileta mfuko wa nguo kuukuu alizokusanyiwa na dada yake, zikatwe viraka. Bi Viraka akakata. Blauzi ya bluu yenye maua madogo ilimpendeza kuliko zote, akaipanga katikati ya mfarishi. Jumamosi ya tatu fundi alikuwa akimshikia pindo, mkono wake ukasimama. Akauliza kitambaa hiki kimetoka wapi. Akaambiwa ni kwenye ule mfuko aliouleta mwenyewe. Akaweka kikombe chini taratibu, akasema ile ilikuwa nguo ya marehemu mke wake, akatoka na kuacha kofia.

Wiki ile fundi hakupokea simu, wala iliyofuata. Bi Viraka alijiona mkosefu asiyesameheka, mtu aliyemkatakata nguo mwanamke mwenzake ambaye hawezi hata kumgombeza. Basi akafanya jambo ambalo hakuna mshonaji mwenye akili timamu angelifanya. Akafumua mshono mmoja mmoja, akatoa vipande kumi na saba, akavishona upya mpaka vikawa blauzi, yenye makovu kila mahali, mkono mmoja mfupi kuliko mwenzake. Akaipeleka kibandani kwa fundi.

Fundi aliigeuza na kuigeuza, lenzi bado jichoni.

"Sikukukasirikia wewe," akasema. "Nilikaa nayo Jumamosi mbili nzima, naiangalia, nakunywa chai, nacheka. Sikuijua. Hapo ndipo nilipoona nimeanza kumsahau."

"Hujamsahau. Ulikuwa na raha tu."

"Ndiyo hiyo iliyoniuma."

Akalia waziwazi, wateja wakisubiri. Kisha akaomba blauzi irudi kwenye mfarishi, pale pale katikati. "Akae na sisi," akasema. "Na ukimaliza, tujifunike wote wawili. Kwa ndoa lakini. Mimi si mhuni."

Bi Viraka akamjibu kwamba atafikiria. Hakufikiria lolote, moyo wake ulishakubali kabla hajafika kona ya barabara.

Mfarishi ulikuwa umebakiza upande mmoja wakati moyo wa fundi ulipoanza kumsumbua. Daktari akataka apasuliwe. Jumamosi ya kabla ya kulazwa alikuja mapema, mara ya kwanza tangu wajuane, akakaa akatunga uzi kwenye sindano thelathini na kuzichomeka kwenye kimto safu kwa safu.

"Za nini zote hizi?"

"Za kukusogeza mpaka nirudi. Kabla hujaigusa ya mwisho, nitakuwa nimekaa hapa."

"Wewe ninavyokujua, utachelewa."

"Safari hii nitawahi, mpenzi."

Kutoka wodini alipiga simu kila mchana kuuliza zimebaki ngapi. Siku ya nne Bi Viraka akamwambia ishirini na mbili. Fundi akacheka kwa shida, akasema anashona kwa pupa, apunguze. Akapunguza. Baada ya upasuaji simu hazikuja tena, kwa kuwa fundi hakuzinduka, na Bi Viraka akawa anashona mishono michache tu kwa siku. Dada wa fundi alipopiga, Alhamisi saa nne asubuhi, Bi Viraka alijua kabla hajasikia neno. Sindano zilikuwa zimebaki tisa.

Baada ya mazishi aliumaliza mfarishi kwa nane, na sasa anajifunika peke yake, blauzi ya katikati ikimlalia kifuani. Ya tisa ipo kwenye kimto, imetungwa uzi wa bluu. Juzi jirani alikuja kuiomba ashonee kifungo.

"Nitakutafutia nyingine," Bi Viraka akamwambia. "Hiyo ina mwenyewe. Amechelewa tu."