Tangazo la Jumapili ya Tatu

Walikutana katika duka la vifaa vya ujenzi mwisho wa mwezi, siku ambayo hata pa kuweka mguu hapakuwapo. Yeye, muuzaji wa rangi, alikuwa nyuma ya mashine ya kuchanganyia rangi, aproni ina madoa ya nusu ya nyumba za mjini. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye plasta kwenye vidole viwili.

"Natafuta puti ya madirisha, bibie."

"Puti kaunta ya pili. Hapa ni rangi tu."

"Najua, nimeshanunua." Akainua kopo lake bila haya. "Lakini foleni ya huku ina mandhari."

Alikuwa fundi vioo. Tangu siku hiyo akawa mteja sugu, ananunua vikopo vya rangi wakati nyumba ya kupaka hana, na jioni anapiga simu kuuliza eti vinakauka baada ya muda gani. Bi Rangi, kama alivyombatiza, alijifanya kukereka. Wapi! Simu ikichelewa ndiye aliyekuwa hatulii.

Fundi alipomtamkia ndoa, ilibidi Bi Rangi amweleze. Aliwahi kuchumbiwa. Tangazo la ndoa likasomwa kanisani Jumapili ya kwanza, likasomwa ya pili, kisha akamfumania mchumba wake na dada yake mwenyewe wa tumbo moja. Kilichomkata maini zaidi ni kwamba mama yao alikuwa akijua, akanyamaza. Jumapili ya tatu mchungaji aliliruka tangazo, na kanisa zima likageuza shingo kumtazama, naye amevaa gauni jipya la samawati.

Alihama mtaa, akahama na kanisa. Huku kupya alikaa benchi la karibu na mlango, akalia ibada hadi ibada bila kuombea chochote, kwa sababu maneno hakuwa nayo. Mungu alimpokea hivyo hivyo, na kamasi zake. Mdogo mdogo usingizi ukarudi, na siku moja akajikuta anaimba. Dada alipoachwa na yule bwana, habari zilimfikia, wala hakuzifurahia wala hakuzijibu.

Sasa tangazo jipya lilikuwa limeshasomwa mara mbili. Jumamosi mchana akapitia karakana kumwonyesha Fundi viatu vya harusi. Mashine ya kusaga kingo za vioo ilikuwa ikinguruma, hakusikia neno, lakini kupitia kioo kikubwa cha mbele aliona kila kitu. Dada yake, kajifunga kilemba cheusi, amemshika Fundi mkono, analia. Na Fundi ameinama kumsikiliza.

Akarudi alikotoka na viatu vyake, akazima simu.

Jumapili aliwahi kanisani kabla ya watu, akaenda moja kwa moja ofisini kwa mchungaji, mama wa makamo asiyependa maneno mengi.

"Mchungaji, naomba tangazo letu lisisomwe."

"Umemwuliza mwenzako?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Sikukuuliza umeona nini, mwanangu. Nenda ukaombe kwanza. Ukirudi na neno hilo hilo, nitalifuta."

Alikaa benchini na hasira, hasira hasa. Akamwambia Mungu wazi kwamba amechoka, na kwamba akiaibishwa tena mbele ya watu hawa hataweza. Hakujibiwa kwa sauti. Lakini akiwa ameinamisha kichwa alikumbuka kwamba mara ile ya kwanza pia alidhani atakufa, na hakufa. Kuna aliyemshika. Basi hata Fundi akimgeuka, huyo hatamwacha. Kilichobaki ni swali tu, na swali huulizwa.

Alimkuta Fundi ndio anaingia getini, suti imembana mabega, macho mekundu.

"Nimepiga simu mpaka nimechoka," Fundi alisema. "Nimekuja kwako, hukufungua. Nimekukosea nini, mpenzi?"

"Jana dada yangu alitaka nini kwako?"

Fundi akaelewa. "Ulituona."

"Nijibu."

"Anataka kuwepo tangazo likisomwa. Anasema safari ile alikuharibia, safari hii angependa asikie likifika mwisho. Akaniomba nikulainishe. Nikamwambia hiyo si kazi yangu, ruhusa ni yako. Ndiyo niliyokuwa nakupigia kukuambia." Akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara. "Yule pale. Ukisema aondoke, ataondoka."

Dada alikuwa amesimama kando ya ukuta na kilemba chake, haangalii upande wao. Amekonda. Kengele ikaanza kugonga.

"Mwambie aingie," Bi Rangi alisema. "Akae nyuma. Kumkumbatia bado sijafika."

Fundi akavuka barabara.

Wakati wa matangazo ulipofika, mchungaji alimtazama Bi Rangi kwanza. Bi Rangi akatikisa kichwa kukubali. Majina yao yakasomwa kwa mara ya tatu na ya mwisho. Mwenye pingamizi aseme sasa. Bi Rangi akaung'ang'ania mkono wa Fundi wenye plasta mpaka mwenyewe akakunja uso.

"Hakuna," alisema mchungaji. "Bwana awabariki."

Amina ya kwanza ilitoka benchi la nyuma, peke yake, kwa sauti aliyoijua tangu utotoni walipokuwa wakilala kitanda kimoja. Bi Rangi aligeuka akamtazama dada yake.