Mshiriki Namba Thelathini

Siku ya kwanza Injinia alimmwagia Kabichi soda. Ilikuwa saa saba mchana, kantini ya chuo imefurika, foleni imefika mlangoni, na yeye amevaa gauni jeupe alilolipiga pasi asubuhi ile aende kuonana na msimamizi wa utafiti wake. Injinia, kijana mrefu wa uhandisi mwenye ovaroli ya karakana, akageuka ghafla mbele yake, kopo mkononi.

"Hivi wewe, macho umeyaacha wapi?"

"Karakana, dada yangu. Nisamehe. Sijalala tangu juzi."

"Na hicho ndicho chakula?"

"Cha tatu leo," akajibu kwa majivuno.

Mwingine angempa vidonge vyake akaenda zake. Lakini huyu alikuwa mwaka wa mwisho wa lishe, hosteli nzima inamwita Kabichi, na utafiti wake juu ya maisha ya wanafunzi ulikuwa umepungukiwa na mshiriki mmoja. Alihitaji thelathini wa kuandika kila siku wamekula nini, wamelala saa ngapi, wamefanya mazoezi gani.

"Umeniharibia gauni. Utaniandikia daftari wiki nane."

Wiki ya kwanza daftari lilikuwa aibu tupu: chipsi, soda, usingizi wa saa tatu. Kufika ya nne limejaa matunda, maji na mbio za asubuhi. Kabichi akafurahi kupita kiasi. Simu za kukumbushana kujaza daftari zikageuka simu za kucheka.

"Mpenzi, zimebaki wiki ngapi?"

"Usiniite hivyo. Mtafiti haruhusiwi kuwa na uhusiano na mshiriki wake. Tatu."

"Basi mpenzi mtarajiwa."

"Umekula nini wewe?"

"Maharage, mboga na chungwa."

"Ndiyo maana nakupenda," likamtoka, akakata simu haraka.

Wiki ya nane, Alhamisi, Injinia akaanguka karakana, hatua moja tu kutoka kwenye mashine ya kukatia chuma. Kabichi alimkuta zahanati ya chuo, dripu mkononi.

"Huyu hana kitu tumboni tangu jana," muuguzi akasema. "Na kulala halali."

Damu ikamchemka Kabichi.

"Jana ulikula nini?"

"Niliandika..."

"Sikuulizi uliandika nini!"

Injinia akatazama ukuta. "Nilipoandika ukweli ulinuna. Nilipoandika chungwa ukacheka. Basi nikawa naandika machungwa."

Kumbe wiki zote hizo alikuwa anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa! Sura nzima ya nne ilimtegemea yeye, mshiriki aliyebadilika kuliko wote, na kazi ilitakiwa Jumatatu.

"Peleka tu," Injinia akanong'ona. "Nani atajua?"

"Mimi! Au mimi si mtu?"

Akatoka akiubamiza mlango. Kilichomuuma zaidi hakuweza kumsingizia mtu: kila Ijumaa alikaa naye uso kwa uso kukagua daftari, akaona mashavu yanaingia ndani na macho yanakuwa mekundu, akaamini daftari. Alijichukia kwa hilo kuliko alivyomchukia yeye.

Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Ukimtoa, sura ya nne imeanguka. Hutahitimu na wenzako."

"Najua, mwalimu."

"Ulishindwaje kuona?"

"Nilikuwa nampenda."

Mwalimu akachukua kalamu akafuta namba thelathini.

Wiki sita Kabichi hakupokea simu ya Injinia hata moja. Siku ya mahafali, wenzake wakipiga picha nje na majoho yao, yeye alikuwa maktaba anaanza sura ya nne upya, na kila kigelegele kilimchoma. Injinia akaingia, akasimama mbele ya meza.

"Umefuata nini?"

"Kukwambia ukweli. Leo nimekula mkate mkavu. Nimelala kwa saa nne tu. Jana nilijaribu kukimbia, mzunguko wa kwanza nikakaa chini."

"Mbona hukusema hivyo tangu mwanzo?"

"Nilitaka unipende."

"Nilikuwa nimeshakupenda na ubovu wako wote, mjinga wewe!" Watu wakageuka. Hakujali. "Umenikosesha joho! Mama yangu alishashona nguo ya leo, ujue!"

"Najua. Nilikwenda kwake asubuhi, nikamwambia kosa ni langu."

"Akasemaje?"

"Alinitukana sana. Halafu akauliza kama nina nia na wewe. Nikasema ninayo."

Machozi yakamtoka Kabichi, ya hasira na ya kingine. Akakusanya vitabu, akamvuta kwa mkono wa shati mpaka benchi la nje, akafungua kontena lake la chakula, akamsukumia.

"Kula kwanza. Nikigombana na mtu mwenye njaa nitakuwa namwonea."

Injinia akala chote. Alipomaliza, Kabichi akaanza kumgombeza, kuanzia wiki ya kwanza.