Krimu Nyeupe Kabla ya Saa Nane

Begi la kwanza lilikuwa limeshatolewa barazani. La pili lilikuwa wazi kitandani, na Mama alikuwa anakunja sare zake. Gari lingemchukua saa nane mchana. Safari ya mwendo wa saa tisa barabarani, halafu chuo cha uuguzi, miaka miwili.

Jikoni, Baba na binti yao walikuwa wanahangaika na keki.

Baba ni fundi rangi. Tangu barua ya chuo ifike, hakuwa amesema "nenda" wala "usiende." Asubuhi hiyo alimwambia binti, "Nataka mama yako aondoke akijua nimeridhika. Maneno siyawezi. Tumpe keki nyeupe."

Keki iliiva vizuri. Krimu ya kupaka juu ndiyo iliyowatoa jasho. Baba aliyeyusha siagi kwenye moto, akamimina sukari ya chai. Ikawa ya njano. Akatia ute wa mayai mawili mabichi ili iwe nyeupe. Ikafanya mabonge. Basi akafanya kama kazini: akaizimua kwa maji, akaipaka, keki ikiwa bado ya moto. Krimu yote ikateremka kwenye sahani.

"Baba, saa tano na nusu," binti alisema.

"Sema polepole, atasikia. Kamwite Bi Mikate."

Bi Mikate ni jirani, anaoka mikate ya kuuza. Alikuja na chekecheo lake, akainamia sahani.

"Nani kaiua hii?"

"Mimi," Baba alisema.

"Nilijua. Mke wako ana akili, hawezi kufanya hivi. Umetia nini?"

Baba akamtajia. Alipofika kwenye yai, Bi Mikate akaacha utani.

"Shemeji, yai bichi linaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Mtu anasafiri kwa saa tisa. Unataka ashuke kila penye kichaka?"

Baba alikaa kwenye ndoo ya rangi. "Mimi nilitaka weupe tu," alisema.

"Kata juu pote palipolowa, tupa. Osha vyombo vyote kwa sabuni, na mikono yako. Wewe binti, kalete siagi nyingine dukani na sukari ya unga, ile laini kama poda."

Binti alirudi anahema. Saa sita ilikuwa imepita.

"Siagi haiyeyushwi," Bi Mikate alieleza. "Iache ilainike yenyewe, ukibonyeza kidole kizame. Kisha ipige peke yake mpaka ipauke. Weupe unatoka mkononi."

Baba alipiga kwa mwiko mpaka bega likamuuma. Njano ikafifia. Binti akachekecha vikombe vinne vya sukari, akavitia kidogo kidogo. Kisha maziwa yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja, na kingine.

"Inua mwiko. Ikidondoka, ongeza sukari. Ikiwa ngumu, maziwa kidogo."

Haikudondoka. Baba akashika kisu.

"Gusa keki kwanza," Bi Mikate alisema.

"Bado ni vuguvugu."

"Basi ngoja. Ukipaka sasa, tunarudi pale pale."

Walingoja. Baba alitazama saa, akatazama keki, akatazama saa.

"Mbona jikoni kimya?" Mama aliuliza kutoka chumbani.

"Tunaosha vyombo," Baba alijibu.

"Wewe? Tangu lini?"

Saa saba keki ilikuwa imepoa kabisa. "Paka koti jembamba, tabaka la kwanza, lishike makombo," Bi Mikate alisema. "Liache ligande robo saa. Halafu koti la pili, zito."

Baba alicheka kidogo. "Hapo sasa niachieni. Ukuta mbovu haupakwi mara moja."

Koti la pili lilikuwa laini, halina alama ya kisu. Alikuwa anamalizia ubavuni honi ilipolia nje. Mama akaingia na begi mkononi, akasimama.

"Nani kafanya hii?"

"Mimi," Baba alisema. "Nenda ukasome, mke wangu. Nyumba tutaiweza."

Mama aliweka begi chini. Dereva alisubiri dakika kumi, akapewa kipande.

Mama alifika salama, akamaliza chuo, sasa ni muuguzi wa wodi ya watoto. Binti huoka keki siku za mapumziko. Bi Mikate alihama mtaa. Baba bado anapaka nyumba za watu, na krimu anaipiga yeye.