Zima Umeme Kwanza

Kila alipotoka shule, Kasuku alipitia saluni ya mama yake mdogo. Jina hilo alipewa na wateja, maana mdomo wake haukujua likizo. Alifagia nywele, alikunja taulo, na kumwangalia Kidoti, bintiye mama mdogo, ambaye alikuwa hajaanza shule na kutwa alichezea vibanio sakafuni.

Jumatano hiyo mteja alikuwa mmoja tu, mama muuza viatu. Nusu ya nywele zake zilisimama wima kama zimepokea habari mbaya. Nusu nyingine bado zilidondosha maji. Mama mdogo alikuwa peku, draya mkononi, akizikausha.

"Mama mdogo, huo waya umechubuka tena hapo karibu na mpini," Kasuku alisema.

"Nimeuona. Fundi atakuja kesho. Hebu niletee taulo."

Kabla taulo halijafika, mama mdogo alirudi nyuma hatua moja akakanyaga dimbwi la maji. Mwili ukamkakamaa. Akatoa mngurumo mzito wa ajabu, na vidole vyake vikaung'ang'ania ule waya.

Muuza viatu aliruka kutoka kitini. "Mungu wangu! Amenaswa!" Akanyoosha mkono amvute.

"Usimguse!"

Kasuku mwenyewe alishtuka. Hakuwahi kumfokea mtu mzima.

"We mtoto, huyu si atakufa!"

"Ukimshika, utanaswa na wewe! Mzuie Kidoti!"

Kidoti alikuwa ameshaanza kukimbia, mikono wazi, akilia, "Mama! Mama!" Muuza viatu alimdaka kiunoni akamnyanyua, miguu ikirusha mateke hewani.

Kasuku alilizunguka dimbwi, akachomoka hadi kwenye korido. Swichi kubwa ya kuzima umeme wote ilikuwa juu, karibu na dari. Akaburuta kreti, akapanda, akavuta. Ngumu! Akavuta tena kwa mikono yote miwili. Tak! Taa zikazimika, redio ikanyamaza. Kutoka saluni ukasikika mshindo wa mtu kuanguka.

Alirudi mbio. Mama mdogo alikuwa chali sakafuni.

"Mama mdogo! Unanisikia?" Akampiga mabegani. Kimya. Akainama, sikio karibu na pua yake, macho kifuani. Hakikupanda wala kushuka.

Shuleni, mwalimu wa sayansi aliwafundisha namna ya kumwokoa aliyenaswa na umeme, kwa gunia lililojazwa nguo kuukuu. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Sasa Kasuku alimgeukia muuza viatu.

"Mama, piga namba ya dharura! Weka spika!"

Muuza viatu alikosea namba, akapiga tena. Ikapokelewa. Alieleza mahali walipo.

"Umeme umezimwa?" iliuliza sauti ya mwanamume. "Anapumua?"

"Umezimwa. Hapumui!" Kasuku alijibu.

"Gari linakuja. Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake. Nyoosha mikono. Bonyeza kwa nguvu, haraka haraka, ila uache kifua kiinuke kabla ya kubonyeza tena."

Kasuku alibonyeza. "Nitamvunja mbavu!"

"Mbavu zinatibika, mwanangu. Usiache."

Alibonyeza hadi jasho likamwingia machoni na mikono ikaisha nguvu. "Mama, nipokee!" Muuza viatu alipiga magoti, akaendelea pale pale alipoachia, wakipokezana hivyo. Kidoti alikuwa kajikunja kwenye kona, amejiziba masikio.

Ghafla mama mdogo alikohoa. Akavuta pumzi moja ya kukwaruza, kisha nyingine.

"Anapumua!"

"Mlazeni ubavu. Msimpe kitu chochote kinywani. Endeleeni kumtazama."

Ndivyo wahudumu wa gari la wagonjwa walivyomkuta.

Kesho yake jioni, Kasuku alimpeleka Kidoti wodini. Mama mdogo alikuwa ameegemea mto, mkono umefungwa bandeji. Kidoti alisimama mlangoni, akagoma kuingia.

"Sasa naruhusiwa kumshika?" alinong'ona.

"Njoo, mwanangu," mama mdogo alisema, na hapo machozi yakamshinda.

Muuguzi aliyekuwa akirekebisha dripu alimgeukia Kasuku. "Wewe ndiye uliyezima umeme?"

"Ndiyo. Lakini niliogopa sana."

"Hata mimi ningeogopa. Nimewahi kupokea watu wawili kwa ajali moja kama hii: aliyenaswa, na nduguye aliyekimbia kumvuta. Ukimpenda mtu, mikono hutangulia. Wewe ulitanguliza akili. Uliondoa hatari, ndipo ukamgusa, ukaita msaada. Wafundishe na wenzako kwa mpango huo huo, usiurukeruke. Anayetaka kuokoa mtu, kwanza ahakikishe yeye mwenyewe atabaki mzima wa kuokoa."